MIZANI YA HAKI: HALI NJEMA YA TAIFA NA TAKWIMU ZINAZOLINGANISHA NCHI

Hotuba kwa viongozi wa walei, makatekista na wajumbe wa kamati za Haki na Amani, Karatu



Waheshimiwa wajumbe wa Halmashauri za Walei, makatekista, wenyeviti na makatibu wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, ndugu wote wapendwa. Mmetoka mbali. Wengine mmepanda kutoka Mang'ola na Endabash, wengine mmekuja kutoka Rhotia na Mbulumbulu, na wengine mmeshuka kutoka Endulen na Nainokanoka ukungu ukiwa bado umelala njiani. Asanteni kwa kuitika wito.

Nimeombwa niseme juu ya hali njema ya taifa na jinsi inavyopimwa. Mtu anaweza kudhani kwamba hilo ni jambo la wachumi wa Dodoma na wageni wenye kompyuta. Ruhusuni nieleze kwa nini naona ni jambo la kigango.

Mwezi Novemba 2023, mvua zikiwa nyingi, nilimzika mama mmoja katika kigango cha bondeni, upande wa Ziwa Eyasi. Alikuwa na umri wa miaka 26. Aliacha watoto watatu, wa mwisho akiwa na siku mbili. Alijifungulia nyumbani, na damu haikukoma. Korongo lilikuwa limejaa, gari halikuweza kuvuka chini. Wakatafuta njia ya juu kwa pikipiki, mgonjwa akiwa katikati, dereva mbele, na dada yake nyuma akimshikilia asianguke. Hakufika.

Wiki chache kabla ya hapo yalikuwa yametangazwa matokeo ya utafiti wa taifa wa afya na uzazi. Vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vilitajwa kuwa vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ilisomwa redioni mara nyingi, na ilikuwa habari njema. Tulipotoka makaburini, mama mkwe wa marehemu alinishika mkono akaniuliza: "Padre, redioni wamesema akina mama hawafi tena kama zamani. Huyu wetu wamemwandika wapi?"

Siku ile sikuwa na jibu. Haya nitakayosema leo ni jibu nililochelewa kumpa.

1. GUNIA NA LUMBESA

Nianze na jambo mnalolijua kuliko mimi. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola huuza kwa gunia. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Lakini ninyi mnaijua lumbesa: gunia linajazwa, juu yake linashonewa kofia, linafika kilo 120, 130 na zaidi, na bei inabaki ya gunia moja. Sasa aje mtu na daftari, aandike bei ya gunia la Mang'ola na bei ya gunia la mkoa mwingine, kisha atangaze kwamba wakulima wa hapa wamenufaika kuliko wa kule. Mtamcheka. Mtamwuliza: gunia lipi? Limejazwaje? Nani alilishona?

Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli waliopunguza kipimo, wakaongeza bei, na kutumia mizani ya udanganyifu dhidi ya maskini. Katika Maandiko, mizani si jambo dogo la sokoni. Ni jambo la ibada, kwa maana anayemdhulumu maskini kwa kipimo amemdhulumu Muumba wake.

Takwimu ya taifa nayo ni gunia. Ndani yake yamo maisha ya watu: kula kwao, kusoma kwao, kuugua kwao na kufa kwao. Mtu anapotuambia kwamba nchi hii imeipita nchi ile, tunayo haki, tena tunao wajibu, wa kuuliza maswali yale yale ya vitunguu.

2. NCHI KATIKA MSIMAMO WA LIGI

Siku hizi nchi hupangwa kama timu katika msimamo wa ligi. Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni kipato. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kutoka kundi la nchi za kipato cha chini hadi kipato cha kati cha chini. Tulishangilia, na si vibaya kushangilia kazi ya mikono yetu. Lakini tuutazame mstari wenyewe. Wastani wetu wa mwaka 2019 ulikuwa dola 1,080 kwa kila mtu, na mpaka wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Tofauti ni dola 44. Hakuna aliyelala maskini usiku wa Juni 30 akaamka ana nafuu asubuhi ya Julai mosi. Miaka sita kabla ya hapo, Septemba 2014, majirani zetu wa Kenya walisahihisha namna ya kukokotoa pato la taifa lao, likaonekana kubwa zaidi kwa takribani robo, nao wakaingia kipato cha kati kwa kalamu. Desemba mwaka huo huo nasi tulisahihisha hesabu zetu, na pato la mwaka 2007, mwaka uliochukuliwa kuwa msingi, likaongezeka kwa asilimia 27.8. Masahihisho hayo hayakuwa udanganyifu, kwa sababu shughuli nyingi zilikuwa zimeachwa nje ya hesabu ya zamani. Hata hivyo yanatufundisha kwamba nchi yaweza kupanda ngazi bila mwananchi hata mmoja kuongezewa kikombe cha unga.

Mfano wa pili ni umaskini. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya Watanzania wa Bara wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Mstari huo ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Utafiti huo huo ukipimwa kwa mstari wa kimataifa wa wakati ule, dola 1.90 kwa siku, maskini wanakuwa karibu nusu ya watu wote. Watu ni wale wale, sufuria ni zile zile, ila umehamishwa mstari. Na mstari wa kimataifa wenyewe umehama mara nyingi: dola 1.25 mwaka 2008, dola 1.90 mwaka 2015, dola 2.15 mwaka 2022, na dola 3 mwaka 2025. Basi msomapo kwamba nchi fulani ina maskini wachache kuliko sisi, ulizeni kwanza kama wamepimwa kwa mstari mmoja.

Mfano wa tatu ni furaha. Ripoti ya furaha duniani ya mwaka 2017 ilizipanga nchi 155. Norway ilikuwa ya kwanza. Tanzania ilikuwa ya 153. Syria, ambayo miji yake ilikuwa ikipigwa mabomu, ilikuwa ya 152, yaani juu yetu. Mlisikia wakati ule jinsi watu walivyocheka, na wengine walivyokasirika. Lakini tuuangalie utaratibu wenyewe. Katika kila nchi huhojiwa watu wapatao 1,000 kwa mwaka. Mtu anaambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia sifuri hadi kumi. Juu kabisa ni maisha bora kuliko yote anayoweza kuyapata, chini kabisa ni maisha mabaya kuliko yote. Kisha anaulizwa amesimama kidato cha ngapi.

Tafakarini mzee wa Nainokanoka akiulizwa swali hilo. Ngazi ipi? Maisha ya nani, yake peke yake au ya boma lake? Na je, ni adabu kwa mzee kujisifu mbele ya mgeni kwamba amefika juu? Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu kwamba anashukuru Mungu, kisha ndipo anaanza kusimulia matatizo. Mwingine hutaja matatizo kwanza kwa sababu anadhani mwuliza maswali ameleta msaada. Siwezi kusema kwamba majibu yale yalikuwa ya bure. Huenda watu wetu walisema kweli kwamba wanaona maisha yao yako chini ya yale wanayostahili, na serikali na Kanisa vyote vingepaswa kusikia hilo. Nisemalo ni kwamba kutoka katika majibu hayo huwezi kutangaza kuwa Mtanzania ana huzuni kuliko mtu ambaye nyumba yake imebomolewa na bomu. Gunia limeshonwa kwa namna nyingine.

3. "HUYU WETU WAMEMWANDIKA WAPI?"

Sasa nirudi kwa swali la yule mama mkwe. Katika nchi yetu vifo vingi hutokea nyumbani na haviandikishwi popote. Kwa hiyo watafiti hutumia njia nyingine. Katika utafiti wa mwaka 2022 walihojiwa wanawake 15,254 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Kila mmoja aliulizwa juu ya ndugu zake wa tumbo moja: wangapi wako hai, wangapi wamefariki, na kama ni dada, je, alifariki akiwa na mimba, akijifungua, au baada ya kujifungua? Kutokana na majibu hayo hukokotolewa hali ya miaka kama saba iliyotangulia. Ni njia ya busara, na waliofanya kazi hiyo walistahili pongezi. Lakini vifo vinavyopatikana katika sampuli ya namna hiyo ni vichache, na kwa sababu hiyo namba inayotoka ina nafasi kubwa ya kuwa juu au chini ya ukweli.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa nayo yalitoa makadirio yao mwezi Februari 2023, yakitumia njia nyingine. Kwa mwaka 2020 yaliikadiria Tanzania kuwa na vifo 238 kwa kila vizazi hai 100,000. Basi mnazo namba mbili, 104 na 238, za nchi moja na karibu wakati mmoja. Anayetaka kujisifu atachukua ya kwanza, anayetaka kulaumu atachukua ya pili. Mwenye kutafuta ukweli atasema kwamba zote mbili zinakubaliana kuwa vifo vimepungua, na hakuna hata moja inayoruhusu kulala.

Na mama tuliyemzika? Jibu la haki ni kwamba hajaandikwa. Utafiti ulifanyika mwaka 2022, yeye alifariki mwaka 2023. Ataandikwa katika utafiti ujao kama kura itaiangukia nyumba ya dada yake, yule aliyemshika kwenye pikipiki, na kama dada huyo atapata moyo wa kusimulia. Nasema hivi bila kuwadharau wataalamu. Nasema ili tujue kwamba kazi ya kumkumbuka mtu haiwezi kuachiwa takwimu peke yake.

4. YASIYOINGIA DAFTARINI

Kuna mambo mengine ambayo hayaingii katika hesabu hata wahesabuji wakiwa waaminifu.

Mama anaamka alfajiri kufuata maji chemchemini. Kazi hiyo mara nyingi haihesabiwi ipasavyo katika pato la taifa. Chemchemi ikikauka, kwa sababu msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro unaotulishia maji umeharibiwa, atanunua maji kwa ndoo kutoka kwa mwenye punda. Fedha hiyo sasa yaweza kuhesabiwa. Kwa daftari, uchumi umekua. Kwa mama, umaskini umeongezeka. Simon Kuznets, mchumi aliyeandaa hesabu za kwanza za pato la taifa la Marekani mwaka 1934, aliwaonya wabunge wa nchi yake katika ripoti ile ile kwamba hali njema ya taifa ni vigumu kuijua kwa kutazama pato lake. Onyo hilo halisomwi sana.

Mwangalieni Mhadzabe wa bonde la Eyasi anayerudi na asali, ubuyu na mizizi. Katika dodoso la kipato yeye ni karibu na sifuri. Akipoteza pori lake, akaenda kufanya kibarua katika mashamba ya vitunguu, daftari litaandika kwamba kipato chake kimepanda. Mwangalieni pia Mmasai. Watafiti wa kaya huuliza sakafu ni ya nini, paa ni la nini, kuna umeme, kuna televisheni? Mifugo nayo huulizwa, lakini idadi ya ng'ombe haisemi kama kuna malisho, kama kuna maji, kama ng'ombe hao watakuwa hai baada ya ukame. Nyumba ya miti na samadi yaweza kuwa ya mwenye mifugo mingi, na nyumba ya bati yaweza kuwa ya mtu aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho ili kulinunua bati hilo.

5. WASTANI HUFICHA

Chukueni Noah moja itokayo Karatu kwenda Arusha ikiwa na watu kumi. Tisa wana shilingi 10,000 kila mmoja, wa kumi ana shilingi 910,000. Wastani ni shilingi 100,000 kwa kila abiria. Hesabu ni sahihi kabisa, lakini ndani ya gari hilo hamna hata mtu mmoja mwenye shilingi 100,000. Wastani wa nchi ni wa namna hiyo, na kulinganisha nchi mbili kwa wastani ni kulinganisha gari na gari bila kufungua mlango.

Ndani ya nchi yetu upo mfano wa kushangaza. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa ulioongoza kwa udumavu ulikuwa Iringa, zaidi ya nusu ya watoto, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi. Ghala limejaa mahindi, na mtoto amedumaa. Kumbe tani za chakula hazituambii nani amekula nini, wala nani anabaki na mtoto mama anapokwenda shambani.

Na sisi je? Barabara ya lami ipitayo hapa Karatu hadi lango la Lodoare hubeba wageni kutoka pande zote za dunia. Mwaka 2023 nchi yetu ilipokea watalii wa nje zaidi ya milioni 1.8, na baadhi yao hulala katika hoteli zilizo kando yetu. Fedha zao zimo katika pato la taifa. Lakini kuna hoteli yenye bwawa la kuogelea, na hatua chache nyuma ya ukuta wake kuna kitongoji kinachopanga foleni ya ndoo. Namba ya taifa haiuoni ukuta huo. Ninyi mnauona.

Huko juu Ngorongoro, namba zimekuwa na uzito zaidi. Eneo la Hifadhi lilipoanzishwa mwaka 1959 wakazi wake walikuwa kama 8,000. Kufikia mwaka 2017 walikuwa wamezidi 90,000. Kutokana na namba hizo ilijengwa hoja kwamba watu wamekuwa wengi mno, na tangu Juni 2022 familia zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Wapo waliokwenda na kushukuru kwa nyumba na shule. Wapo wanaosema kwamba hiari yao haikuwa hiari kamili, kwa sababu huduma walikokuwa zilipungua. Kisha Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta vijiji na vitongoji vya Ngorongoro, watu wakakusanyika barabarani, na Mahakama Kuu kule Arusha ikasimamisha utekelezaji wake. Sikuja kutoa hukumu juu ya uhifadhi, ambao nao ni amana ya Mungu. Ninasema hili tu: palipo na hesabu ya watu, ng'ombe, wanyama na fedha, mwenye kuhesabiwa lazima awepo mezani hesabu inaposomwa. Mtu anayehesabiwa bila kusikilizwa amefanywa mzigo wa kupimwa.

6. JE, TUZITUPE TAKWIMU?

Hapana. Nisieleweke vibaya. Mwaka 2015/16 watoto 67 kati ya kila 1,000 walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulipata 43. Nyuma ya namba hizo kuna chanjo, vyandarua, na wauguzi waliotembea kwa miguu. Bila kuhesabu tusingejua kwamba juhudi imezaa matunda, na wala tusingejua ilipokwama.

Hata kulinganisha nchi kuna faida yake. Sri Lanka ilipunguza sana vifo vya uzazi ikiwa bado nchi maskini, kwa wakunga waliofunzwa na hospitali zilizo karibu na watu. Ulinganisho wa namna hiyo unatuambia kwamba inawezekana, kwamba mama hafi kwa sababu Mungu amependa. Huo ni ulinganisho wa kheri, unaotufundisha. Ulinganisho wa kuuliza sisi ni wa ngapi, huo huzaa ama majivuno ama kukata tamaa, na vyote viwili humwacha mgonjwa pale pale korongoni.

Kwa sababu hiyo hatuna budi pia kulinda uhuru wa kuhesabu. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Juni 2019 Bunge liliondoa zuio hilo. Lilifanya vema. Mizani inayokatazwa kukaguliwa haiaminiki hata ikiwa sahihi, na mkulima wa vitunguu analijua hilo.

7. KIPIMO CHA ISAYA

Je, Kanisa lina kipimo chake? Papa Paulo VI, katika waraka wake juu ya maendeleo ya watu wa mwaka 1967, alifundisha kwamba maendeleo ya kweli ni ya kila mtu na ya mtu mzima, mwili na roho, na kwamba ukuaji wa uchumi peke yake hautoshi. Mwalimu Nyerere naye, katika andiko lake la Uhuru na Maendeleo la mwaka 1968, alifundisha kwamba barabara na majengo ni vyombo tu, na kwamba maendeleo ni ya watu. Papa Fransisko, katika waraka wa Furaha ya Injili wa mwaka 2013, alishangaa kwamba kifo cha mzee asiye na makao hakiwi habari, bali kushuka kidogo kwa soko la hisa huwa habari.

Lakini kuna kipimo cha zamani zaidi. Fungueni Isaya, sura ya 65. Nabii anapoeleza Yerusalemu mpya, hataji dhahabu wala majeshi. Anataja mambo manne. Mtoto hafi akiwa na siku chache. Mzee hutimiza siku zake. Aliyejenga nyumba ndiye anayekaa ndani yake. Aliyepanda ndiye anayekula matunda yake, wala hasumbukii mwingine. Tazameni: afya ya mtoto, heshima ya mzee, usalama wa makao, na haki ya jasho. Kila moja linaweza kuhesabiwa, na kila moja linaweza kuulizwa katika nyumba moja moja. Lumbesa inavunja la nne. Kuhamishwa bila kusikilizwa kunavunja la tatu. Korongo lisilo na daraja linavunja la kwanza.

Tena kumbukeni mchungaji wa Injili ya Luka. Alikuwa na kondoo mia, akajua kwamba mmoja hayupo. Asilimia 99 ni alama ambayo wizara yoyote ingeisherehekea. Yeye alitoka kumtafuta mmoja. Ndugu zetu Wamasai wanaielewa habari hii kuliko sisi tulioisoma seminarini. Wazee wao hawakupenda kuhesabu ng'ombe kwa sauti. Jioni walisimama langoni mwa boma, wakatazama rangi na pembe, na wakajua ni yupi ambaye hajarudi. Taifa linahitaji namna zote mbili: anayehesabu, na anayejua nani hajarudi. Ya kwanza ni kazi ya serikali na wataalamu. Ya pili hakuna wa kuifanya isipokuwa ninyi.

8. YATUPASAYO KUTENDA

Ninapendekeza mambo matatu, tena madogo.

Kwanza, kila jumuiya iwe na daftari. Tayari mnaandika zaka, ndoa na ubatizo. Andikeni pia mama aliyefariki kwa uzazi, mtoto aliyefariki kabla ya miaka mitano, mzee anayelala njaa, familia iliyopoteza makao au shamba. Andikeni na sababu: korongo, ukosefu wa nauli, ukosefu wa damu, kuchelewa kuamua. Vifo na viandikishwe pia kwa mtendaji wa kijiji, ili viingie katika hesabu ya nchi. Yaandikwayo juu ya nyumba za watu ni siri, yasisomwe kanisani.

Pili, kamati ya Haki na Amani iyapeleke hayo katika mkutano mkuu wa kijiji na kwa diwani, kwa utulivu na kwa maandishi. Mkisema tu kwamba hali ni mbaya, mtajibiwa kwamba taifa linasonga mbele. Mkisema kwamba mwaka huu, katika vitongoji hivi vitatu, wamefariki watu wawili kwa sababu korongo halina daraja, itabidi mjibiwe.

Tatu, mkisikia redioni kwamba tumewapita majirani au tumepitwa nao, msishangilie upesi wala msihuzunike upesi. Ulizeni: wamepima nini? Kwa mstari upi? Nani hayumo? Na hapa kwetu ni nani hajarudi?

Yule mama mkwe nimemrudia. Nilimweleza niliyoyaeleza leo, kwa maneno machache zaidi. Alisikiliza, kisha akasema: "Basi mwandike wewe." Jina la marehemu limo sasa katika ukurasa wa kwanza wa daftari la jumuiya yake, na sababu ya kifo chake imeandikwa: damu, na korongo. Ukurasa huo umekwisha kufika mezani kwa diwani. Daraja halijajengwa. Tunaendelea kuuliza.

Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Someni Isaya 65:17-25. Kati ya mambo manne ya nabii, lipi limepungua zaidi katika kitongoji chetu?
2. Ni kazi gani za akina mama, wazee na watoto wetu ambazo haziingii katika hesabu yoyote? Zingesimama, nini kingetokea?
3. Je, sisi wenyewe tunatumia mizani ya haki tunaponunua na kuuza, na tunapolipa vibarua?
4. Nani katika jumuiya yetu "hajarudi" mwaka huu, na tumefanya nini?